Urafiki Hauji Mlangoni: Mwongozo kwa Anayetoka Kalemie Kwenda Kuishi Uhispania

Kiswahili na Kihispania vilikutana kwenye Ziwa Tanganyika zamani kuliko vijana wengi wa Kalemie wanavyodhani. Tarehe 24 Aprili 1965 kundi la kwanza la wapiganaji wa Kuba lilivuka maji kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kaskazini ya mji ambao wakati ule ulikuwa bado unaitwa Albertville. Wakubwa wao watatu walipewa majina ya hesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Ernesto Che Guevara mwenyewe akawa Tatu. Mwezi Juni walishambulia Bendera, penye kituo cha umeme ambacho hadi leo ndicho tegemeo la taa za Kalemie. Novemba wakarudi walikotoka.

Kijana aliyemfundisha Tatu Kiswahili na kumtafsiria kwa miezi saba aliitwa Freddy Ilanga. Alikuwa mdogo, wa umri wa kukaa darasani. Wakuba walipoondoka naye alipelekwa Kuba, akidhani ni safari fupi. Ilikuwa ya miaka arobaini. Alijifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, akaoa na kuzaa huko huko. Simu ya kwanza kutoka kwa ndugu zake, waliokuwa Bukavu, ilimfikia mwaka 2003. Miaka miwili baadaye alifariki. Mtengenezaji filamu Katrin Hansing alisimulia maisha yake katika filamu iliyotoka mwaka 2009.

Ilanga hakuwa na namna nyingine ila kuishi na wale waliomzunguka. Kijana anayeondoka Kalemie leo kwenda Madrid, Valencia au Bilbao ana shida iliyo kinyume kabisa: simu haimruhusu kuondoka. Anaweza kukaa mwaka mzima chumbani, akicheka na watu wa nyumbani kwenye WhatsApp kila usiku, asijue jina la jirani wa mlango wa pili. Tena Uhispania haina mtaa kama Matonge ya Brussels, ambako Mkongomani hukuta saluni, sambusa na stori za kwao kabla hajafungua begi. Wakongomani wengi wa Ulaya wako Ubelgiji na Ufaransa. Walio Uhispania ni wachache na wametawanyika. Kwa hiyo, ukienda huko kwa masomo, kwa kazi, kumfuata mume au mke, au kuomba hifadhi, urafiki na wenyeji usiuhesabu kuwa anasa. Ndio utakaokupa chumba cha kupanga, habari ya kazi na mtu wa kukupeleka hospitali usiku.

Kabla ya marafiki, karatasi. Kitu cha kwanza ni kwenda ayuntamiento, yaani halmashauri ya mji, kujiandikisha kwenye daftari la wakazi linaloitwa padrón. Hata asiye na kibali cha kukaa ana haki ya kuandikwa humo, na asikose: daftari hilo hufungua njia ya shule ya watoto na kadi ya matibabu, na baadaye ndilo linalothibitisha kwamba mtu amekaa nchini tangu tarehe fulani. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya zaidi ya miezi sita anatakiwa, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie, kuomba kadi ya mgeni, TIE. Miadi ya polisi ni adimu, basi anza kuitafuta wiki ile ile ya kufika.

Dirishani ndipo jina la Kikongomani linapoanza vituko. Mhispania ana jina lake na majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na fomu zote zimepangwa hivyo. Mkongomani anakuja na nom, postnom na prénom, mpangilio ulioingia nchini tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972. Karani mmoja ataiweka postnom mahali pa jina la pili la ukoo. Mwingine ataibandika kwenye jina la mtu. Wa tatu ataiacha. Matokeo yake benki inamjua mtu mmoja na hospitali inamjua mwingine. Dawa ni moja: fuata jinsi pasipoti ilivyoandika, na usiondoke dirishani kabla hujasoma herufi kwa herufi. Mwanamke asishangae akiulizwa jina lake mwenyewe la ukoo, kwani Wahispania wanawake hawachukui jina la mume, na mke na mume wenye majina tofauti ni jambo la kawaida.

Saa nazo zina mambo yake. Kalemie jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka wote, na giza ndilo linaloita watu nyumbani. Madrid, mwisho wa mwezi Juni, jua linazama karibu saa nne usiku. Sababu mojawapo ni siasa: mwaka 1940 serikali ya Franco ilisogeza saa mbele ili zilingane na za Berlin, na hazijarudishwa hadi leo, ingawa nchi iko kwenye longitudo sawa na Uingereza. Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane, cha usiku saa tatu hadi saa nne. Asubuhi ni kahawa na mkate wa kuchoma, halafu kitu kidogo tena kama saa tano. Atakayefika mgahawani saa sita na nusu ana njaa ya Kikongomani atakuta mpishi bado anakata vitunguu.

Kwa kupiga simu nyumbani, shika hesabu hii: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Madrid na ya Kalemie ni moja. Miezi iliyobaki Madrid iko nyuma kwa saa moja.

Sasa salamu. Mtu akikujulisha kwa rafiki zake, wanawake watakupa busu mbili, moja kila shavu, hata kama hamjawahi kuonana. Wanaume kwa wanaume hupeana mkono, au kukumbatiana na kupigana mgongoni wakishazoeana. Hakuna maana nyingine iliyofichwa humo. Asiyependa kubusiwa, kwa dini au kwa tabia, anyooshe mkono mapema huku akitabasamu, watu wataelewa.

Kinachowatatiza zaidi watu wa Kalemie ni majina matupu. Kwetu mtu hamwiti aliyemzidi umri bila papa, mama au yaya mbele yake. Kule mwanafunzi anamwita mwalimu wa chuo Carmen, na mfanyakazi anamwambia bosi «tú» kama anavyomwambia mdogo wake. Usidhani wanakoseana heshima. Kwa wazee, daktari na polisi tumia «usted» mpaka wenyewe wakuambie uache, na mara nyingi watakuambia mapema. Vivyo hivyo kwa sauti: mezani watu watano huzungumza kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake, na anayesubiri zamu yake kwa adabu atasubiri hadi bili iletwe. Kuingilia maneno ni kushiriki. Baa nako hawapambi ombi kwa maneno mengi. Wanamwambia mhudumu amwekee kahawa, basi, na mhudumu haoni ubaya.

Baa yenyewe inahitaji maelezo, maana anayeifananisha na nganda za kwetu atapotea. Ingia yoyote saa tano asubuhi. Kaunta ndefu ya chuma, nyuma yake mashine ya kahawa inavuma. Kwenye kioo kuna kimanda cha mayai na viazi, tortilla, kimekatwa vipande. Bibi mwenye toroli la soko anakunywa kahawa ya maziwa kwenye glasi, pembeni yake mafundi wawili wenye vumbi la saruji, na mtoto mchanga kwenye gari lake. Televisheni inasema peke yake. Pombe ipo, lakini nusu ya watu hawainywi, na Mpentekoste au Mwislamu akiagiza maji ya matunda, au mosto, ambayo ni juisi ya zabibu isiyochachishwa, hakuna atakayegeuka kumtazama. Hapa ndipo sebule ya Wahispania ilipo. Nyumba zao nyingi ni vyumba vidogo ghorofani. Watu hukutana na wageni chini, barabarani.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa la mgeni anayetoka ziwani. Kalemie mtu anapita, anapiga hodi, anakuta watu wanakula, anavutiwa kiti. Mwenye nyumba asiyetembelewa hujiuliza amemkosea nani. Anayekaa Zaragoza akingoja hodi atangoja sana, na akienda mwenyewe kubonyeza kengele ya mtu bila kumwandikia kwanza atamtia mwenzake wasiwasi: kuna msiba? Rafiki wa miaka miwili anaweza kuwa hajakualika kwake hata mara moja na bado akakuhesabu rafiki wa kweli, kwa sababu mmekutana kila Ijumaa kwenye baa ile ile. Chagua baa moja karibu na unapoishi, nenda saa ile ile, simama kaunta wala usijifiche mezani pembeni. Wiki ya tatu mhudumu atakuwa anajua unachokunywa. Wiki ya sita wateja wengine watakuuliza unatoka wapi, na hapo mazungumzo ya mpira hurahisisha kazi: Cédric Bakambu, mshambuliaji wa Leopards, aliichezea Villarreal kuanzia 2015 hadi 2018, akarudi Uhispania kuchezea Betis, timu ya mji wa Sevilla. Huko Sevilla jina hilo litakupatia marafiki nusu ya mji. Nusu nyingine ni ya timu pinzani.

Wakati wa kuagana utasikia kila mara kwamba tuonane wiki hii, tupigiane, tule pamoja siku moja. Hiyo ni salamu. Miadi ina siku, saa na jina la mahali, na ukitaka iwe miadi, taja wewe: Alhamisi, saa mbili usiku, mbele ya soko. Mwenzako akijibu kwa kutaja siku nyingine, anataka. Akijibu kwamba mtaona, usimpigie tena wiki hiyo.

Malipo huenda kwa mizunguko: huyu analipa awamu hii, yule ijayo. Hakuna daftari, ila kila mtu anakumbuka nani hajawahi kutoa pochi. Mwenye kipato kidogo afanye awamu ya kwanza, wakati watu bado wachache na wanakunywa kahawa, kuliko kujikuta anadaiwa zamu watu wamekuwa wanane. Mahali pengine kila mtu huweka fedha sawa kwenye mfuko wa pamoja na mmoja akalipa. Siku ya kuzaliwa anayelipa ni mwenye siku yake, jambo ambalo limeshawaaibisha wageni wengi waliokaa wakingoja kununuliwa keki. Granada ukiagiza kinywaji unaletewa kitafunio bure. Bilbao na San Sebastián vitafunio vimepangwa kaunta vizuri mno, lakini kila kimoja kina bei yake.

Mashariki na kaskazini lugha inaongezeka. Barcelona, Valencia, Bilbao na Galicia kila mahali pana lugha yake pembeni ya Kihispania, na mtu wa Katanga, aliyekua na Kiswahili, Kifaransa na lugha ya wazazi kwa pamoja, hana sababu ya kuogopa ya tano. Catalonia serikali inatoa masomo ya Kikatalani ya ngazi ya kwanza bila malipo. Neno moja tu la Kikatalani dukani hubadilisha uso wa muuzaji. Nchi ya Wabaski ina jambo jingine la kujua: vikundi vya marafiki, cuadrilla, huundwa utotoni na kudumu mpaka uzeeni. Kuingia ndani yake si rahisi, hata kwa Mhispania aliyehamia kutoka Madrid. Usichukulie ni rangi yako. Ingia kwa mlango wa kazi nyingine: kwaya, mpira wa ukumbini, kikundi cha kupanda milima.

Kifaransa ambacho Mkongomani hukihesabu kuwa cha shule tu ni mali huko. Wahispania wengi wanajifunza Kifaransa na wanatafuta mtu wa kuongea naye. Vyuo vikuu na maktaba za miji huandaa mabadilishano ya lugha, nusu saa kwa Kifaransa, nusu saa kwa Kihispania. Hakuna njia ya bei rahisi zaidi ya kupata rafiki katika mwezi wa kwanza, maana mtu anakuja akikuhitaji. Kwa masomo yenyewe kuna shule za serikali za lugha, Escuela Oficial de Idiomas, na vituo vya elimu ya watu wazima. Msalaba Mwekundu na shirika la CEAR huwafundisha waomba hifadhi. Mwenye watoto ana njia nyingine: lango la shule saa ya kuwachukua, na kundi la WhatsApp la wazazi. Mtoto akialikwa siku ya kuzaliwa ya mwenzake, mara nyingi wazazi huchanga wanunue zawadi moja. Changa mapema, na kaa pale hadi mwisho.

Usiwasahau Waafrika wa Guinea ya Ikweta. Nchi yao ilikuwa koloni la Uhispania hadi tarehe 12 Oktoba 1968, na familia zao zimekaa Madrid na viunga vyake, kama Móstoles na Fuenlabrada, kwa vizazi. Wanazungumza Kihispania kama lugha yao, na wanajua majani ya muhogo. Wao ndio watakuonyesha duka la unga na mawese, na watakueleza bila kuzunguka mambo ambayo Mhispania mweupe hayaoni.

Baadhi ya mambo hayo ni mazito. Chumba kilichokuwa wazi kwenye simu hugeuka «kimeshachukuliwa» mwenye nyumba anapokuona uso. Sheria ya 15/2022 inakataza ubaguzi huo, pamoja na ule wa kazini na madukani, lakini kuuthibitisha ni kazi. Tunza meseji na tangazo, na mwombe rafiki mwenyeji apige simu ileile baada yako. Pia utaitwa «moreno», yaani mweusi, na watu wanaodhani wanakubembeleza. Kama hulipendi neno hilo sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, siku ya kwanza. Mwezi wa sita litakuwa limeshakuwa jina lako. Mtihani wa aina yake huja mwezi Desemba, halmashauri inapotafuta mtu wa kuwa Baltasar, wa tatu kati ya Wafalme Mamajusi, katika maandamano ya watoto ya usiku wa tarehe 5 Januari. Miaka mingi miji ilimpaka Mhispania rangi nyeusi usoni. Siku hizi mingi huomba Mwafrika mkazi. Wengine hukubali na kufurahia kurusha pipi, wengine huona si heshima kukumbukwa siku moja kwa mwaka. Kila mmoja na moyo wake, ila asijibu papo kwa papo.

Sikukuu za miji, kwa upande mwingine, usizikose hata moja. Kila kijiji kina mtakatifu wake na siku zake za ngoma, nyingi katika Agosti, mwezi ambao Madrid hubaki tupu na mgeni asiye na mpango huhisi kwamba dunia imehama. Mwenzako wa kazi akikualika kijijini kwa wazazi wake, kubali hata kama nauli inauma. Huko ndiko utaingizwa ndani ya nyumba. Nenda na kitu mkononi, keki au matunda au chupa. Mkimaliza kula msiinuke: watu hubaki mezani kwa masaa mawili, matatu, kahawa baada ya kahawa, na mama wa nyumba akiona unatafuta koti atadhani chakula kilikuwa kibaya.

Itafika siku ya kuwaalika wewe. Fanya mchana wa Jumamosi, waambie saa nane na nusu na usianze kuwahesabu kabla ya saa tisa kasorobo. Uliza mapema nani hali nyama, kwani siku hizi kila kundi lina wawili. Ndakala wa ziwa hutawapata wabichi, lakini soko lolote la samaki lina boquerones, samaki wadogo ambao watu wa Málaga huwakaanga na kuwala. Wahispania hawatahitaji kufundishwa hapo. Sombe watu waonjeshwe kidogo kwanza. Maji ya kunawa yapitishwe kabla ya chakula, pamoja na maelezo ya mkono wa kulia, na uma ziwepo karibu kwa atakayeshindwa. Bukari isongwe mwisho kabisa, watu wakiwa wamefika: watajazana jikoni kutazama, na mmoja atataka kushika mwiko. Mwache ajaribu, sufuria ishikwe na mwingine. Muziki ushushwe kabla ya saa nne usiku, kwa kuwa miji ina sheria za kelele, na jirani wa ghorofa ya chini ambaye hakualikwa ndiye anayepiga simu polisi. Mwalike.